Springi za Nyuma na Heshima ya Mama Mkwe

Jumatatu, 10 Julai 1995

Siku njema sana. Nimepata njia ya kumuoa Rebeka.

Jumapili hii mtoto wa ukoo wao anabatizwa Busisi, ng'ambo ya ziwa. Ukoo mzima utakuwepo. Baada ya misa mjomba wa Rebeka, Mzee Maige, atakaa na wazee watoe jibu la posa. Posa zipo mbili. Moja yangu mimi, Mihayo Luhende, muuza viatu vya mitumba soko la Makoroboi. Nyingine ya Projest Kahigwa, karani wa kiwanda cha samaki, Mhaya anayeongea Kiswahili kama anasoma taarifa ya habari. Hata akiagiza chai lazima aseme "ilhali".

Mpango wenyewe: mama yake Rebeka, Mayu Bernadeta (mayu ni mama kwa Kisukuma), ni mjane, na anatakiwa atoke Buswelu afike kwenye pantoni ya Kigongo Jumamosi. Atakayemfikisha ataonekana mtoto wa nyumbani kabla wazee hawajafungua mdomo. Mimi nina pikipiki. Nimeinunua juzijuzi, mtumba wa Kijapani, nikaiita Ruksa kwa sababu siku hizi kila kitu ruksa. Projest hana pikipiki. Ana pikapu ya ofisi, na cha ofisi si chako.

Jioni nikaenda Buswelu. Nikampa Mayu shikamoo ya kuinama. Akaitikia marahaba huku anaiangalia Ruksa. Akauliza kama inabeba watu wawili. Nikasema wawili na mizigo yao. Akasema atafikiri. Mtu anayefikiri hajakataa.

Nimerudi Butimba naimba njia nzima.


Jumanne, 11 Julai

Mayu amekubali! Na aliyenisaidia ni Projest mwenyewe.

Ni hivi. Wakati wa Pasaka alimpa Mayu lifti kwenye ile pikapu, na pikapu ile kazi yake ni kubeba sangara. Mayu akaingia kanisani na gauni la sikukuu, watu wa benchi lake wakahama mmoja mmoja. Hajasahau. Leo Projest kaja kumweleza kwamba gari limeoshwa kwa sabuni ya unga ndani na nje. Mayu akamjibu kwa upole kwamba samaki akishapanga nyumba hahami.

Lakini katoa sharti, tena mbele ya majirani. Alisema mimi bado si mkwe wake, ila huenda nikawa. Sasa akinigusa Jumamosi, halafu Jumapili nikawa mkwe, uso wake ataupeleka wapi? Kwetu Wasukuma mama mkwe na mkwe hata njiani hawapishani. Mmoja atachepuka aingie kwenye mihogo. Kwa hiyo atapanda, lakini mwili wake na wangu visikutane hata kidogo. Vikikutana, posa yangu niipeleke nyumba nyingine.

Nikasema hakuna tatizo. Huwa nasema hakuna tatizo kwanza, tatizo nalitafuta baadaye.

Nilikaa nikafikiri, nikapata ukuta. Mayu anapeleka jogoo wa zawadi ya ubatizo. Basi kapu la jogoo litakaa kwenye kiti katikati yetu, mimi mbele, Mayu nyuma amekaa upande kama wanavyokaa kina mama. Kapu ni pana na jogoo ni wa kushiba. Mayu aliposikia hivyo akasema kumbe nina akili. Nimeandika maneno yake hapa ili yasipotee.


Jumatano, 12 Julai

Leo majaribio. Huwezi kumuuliza mama mkwe uzito wake, kwa hiyo nimemchukua Chenge, fundi redio wa kibanda cha pili. Chenge ana mwili. Nikamweleza kwamba kwa nusu saa yeye ni mama mkwe wangu, akae nyuma kwa adabu na asiniguse. Akakubali kwa sharti la sambusa.

Mambo hayakwenda vizuri. Chenge alipokaa tu, Ruksa ikachuchumaa. Zile springi mbili za nyuma zikalala kabisa, taa ya mbele ikaangalia mawinguni. Tukashika barabara ya Nyegezi. Kila shimo, tairi linagonga madigadi, gwa. Na kila gwa, Chenge anaruka juu na kunitua mgongoni. Nikamkumbusha kwamba yeye ni mama mkwe. Akasema mama mkwe naye ana makalio.

Kwa hiyo ugonjwa nimeujua. Springi ni laini. Springi laini zinarusha mtu, na mtu akirushwa anaangukia aliye mbele. Dawa ni kuzikaza.

Nyumbani nimefungua kitabu cha pikipiki. Kimeandikwa Kijapani lakini michoro haina kabila. Chini ya kila springi kuna pete yenye ngazi tano. Ukiizungusha kutoka ngazi ya kwanza kwenda ya tano, springi inabanwa na nyuma ya pikipiki inanyanyuka. Kuna mchoro wa mtu mmoja mwembamba kwenye ngazi ya kwanza. Kuna mchoro wa watu wawili kwenye ya tatu. Watu hao wawili ni Wajapani. Hawajala ugali wa Buswelu. Nimeamua ngazi ya tano.


Alhamisi, 13 Julai

Kazi ya springi. Inatakiwa spana maalumu yenye ndoano. Sina. Nilichukua bisibisi pana na nyundo, nikaanza kuigonga pete kidogokidogo. Pete ya kushoto ilikuwa na kutu ya nchi mbili, ya Japani na ya hapa. Niligonga, nikapulizia mafuta ya taa, nikagonga, nikagonga kidole. Mwisho ikapanda.

Nikasimama mbali kuangalia. Ruksa imeinama upande kama mzee anayesikiliza umbeya. Kumbe kulia iko ngazi ya tano na kushoto ya tatu. Chenge alishauri niiache hivyo, kwamba Mayu akikaa upande itajisawazisha. Ushauri wa fundi redio. Nikagonga tena mpaka zote zikafika ya tano.

Nikiwa bado nimechuchumaa pale, akaja mama mmoja na mzigo wa mihogo, akauliza nauli mpaka Mkolani ni kiasi gani. Nikamwambia hii ni pikipiki, si basi. Akasema analipa vizuri, miguu inamuuma. Nilijisikia kudharauliwa. Nani katika nchi hii atakuja kulipa nauli akae mgongoni mwa mtu? Chenge akasema labda ni biashara. Nikamwonea huruma.

Tumefanya jaribio la pili. Hakuna gwa hata moja! Nyuma imesimama imara, mashimo tunayapita kama hayapo. Ila Chenge, njia nzima alikuwa ananisogelea mpaka nikawa nimekaa juu ya tangi la petroli. Nikamwambia asogee nyuma. Akasema anasogea ila anarudi. Chenge ni mtu wa kuegemea watu, hata kwenye benchi la kahawa yuko hivyo. Sikutilia maanani.


Ijumaa, 14 Julai

Nimempelekea Rebeka Ruksa aikague. Rebeka ni mwalimu wa hisabati, amesomea chuo cha hapahapa Butimba. Akisahihisha daftari anaimba. Nampenda kuanzia hapo kwenye kuimba.

Alikaa kwenye kiti, pikipiki imesimama tu. Akateleza mbele mpaka kwangu. Akarudi nyuma, akateleza tena. Akashuka, akachutama kuzitazama springi, akaniambia kwamba nimeinyanyua nyuma mno, kiti sasa ni mteremko, na atakayekaa nyuma atashukia kwa dereva kila nitakaposhika breki. Tena Mayu atavaa nguo ya kanisani. Nirudishe ngazi ya tatu.

Nikamfafanulia kwa upole suala la gwa. Nikamwambia hisabati ni hisabati na springi ni springi.

Rebeka akainuka. Akakiangalia kiti. Akaiangalia nyumba yao, Mayu alikuwa uani anachambua mchele. Akaniuliza polepole: kwa hiyo mama yake akinigusa nikiwa si mkwe, ni makosa, na akinigusa nikiwa mkwe, pia ni makosa? Nikasema ndiyo, ndiyo maana nimekaza springi. Akapapasa kiti kwa kiganja. Kisha akasema basi iache hivyohivyo, nisiguse tena hata ngazi moja. Nimefurahi. Ameelewa.

Alisema jambo lingine lililonitia wasiwasi. Kwamba mama yake anampenda Projest kwa mshahara na ananipenda mimi kwa vichekesho, na kwa namna hiyo anaweza kupiga kalenda mpaka sisi wote tuzeeke. Mjomba Maige atafuata atakalosema mama. Yeye Rebeka ameshasema anayemtaka, lakini hajaulizwa rasmi. Nikamuuliza anamtaka nani. Akanipiga kofi la begani akaingia ndani.

Wakati naondoka nilimsikia anamshauri Mayu kesho asivae kitenge, avae lile gauni jipya la nailoni linalong'aa. Mtoto anayemjali mama yake hivyo, nitamuacha vipi?


Jumamosi, 15 Julai

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Ruksa imeoshwa. Mayu katoka na gauni la nailoni la buluu, kanga mbili, na jogoo ndani ya kapu. Nikapanda, kapu likapanda, Mayu akapanda. Rebeka alishatangulia na kwaya kwenye pikapu ya Projest, amekaa mbele. Iliniuma, lakini nikajiambia kwamba leo anayebeba mzigo wa maana ni mimi.

Mjini tulipita watu wakisimama kuangalia. Nilipiga honi bila sababu. Nikaanza kusikia kila nikishika breki jogoo analalamika. Tulipofika Mkolani kapu lilikuwa limenibana kiunoni. Nikasema moyoni, ukuta unafanya kazi yake. Usagara tukasimama, Mayu akashuka, akajitengeneza, akapanda upya kule mwisho kabisa wa kiti. Alikuwa bado mchangamfu. Alisema pikipiki haina harufu hata kidogo.

Baada ya Usagara ni vumbi na mteremko kwenda Kigongo. Ziwa nikaliona. Pantoni nikaiona. Nikaona kabisa harusi yangu. Hapo ndipo mkokoteni wa ng'ombe ulipokatiza barabara.

Nikashika breki. Nyuma ya Ruksa ikaruka. Kapu likanipita kichwani, jogoo akatoka humo angani akaenda zake. Halafu akaja Mayu. Alikuja mzimamzima. Mikono miwili kiunoni, kidevu begani kwangu. Akasema simama. Nikishika breki nisimame, nailoni inamsogeza zaidi. Nikaona busara ni kuacha breki. Ruksa ikashuka mteremko uliobaki kwa hiari yake, Mayu amenikumbatia kama gogo la kuvukia mto, mpaka tukasimama katikati ya foleni ya pantoni.

Foleni yote ilikuwa pale. Kwaya ilikuwa pale. Mzee Maige alikuwa amevuka kuja kumpokea dada yake, naye alikuwa pale, na fimbo yake. Projest alishuka kwenye pikapu akauliza kama kuna majeruhi.

Mayu alishuka. Akajifunika kanga kichwani, akanipa mgongo. Kwenye pantoni nilisogea kushoto, yeye akaenda kulia. Nikaenda kulia, akaenda nyuma ya lori la pamba. Rebeka alikuwa amebana midomo na macho yamejaa maji. Nilimkosea sana mtoto wa watu.

Nimelala kwa jirani yao hapa Busisi, nimekataa kula. Siandiki vichekesho leo. Ninampenda Rebeka, basi. Nilimpenda kabla ya pikipiki, na kesho atapewa mtu mwingine kwa sababu ya breki.


Jumapili, 16 Julai

Mtoto amebatizwa Longino. Alilia. Nilimuelewa.

Baada ya misa wazee walikaa kivulini nyuma ya nyumba, wakaniita. Mayu alikaa ndani, mlango umeegeshwa, ili asionane nami. Projest naye aliitwa maana posa yake ipo. Alivaa tai.

Mzee Maige alisema kwamba kabla ya posa kuna jambo la jana. Dada yake amemshika kijana kiunoni mbele ya halaiki, na tangu hapo hali, hasemi, hataki kumuona kijana huyo. Aliyekuwa na neno aseme.

Nilitaka kueleza habari za springi. Mzee Maige akainua fimbo, nikaacha.

Projest akasimama. Nilitegemea anizike. Kumbe alitaka kuonekana mkubwa, akaamua kunitetea. Alisema kwamba ieleweke, ndugu Mihayo si mkwe wa nyumba hii, ni msafirishaji tu, mtu baki, ilhali mwiko wa kugusana unawahusu wakwe peke yao. Kwa hiyo hakuna kosa lolote lililotendeka. Asamehewe, aende zake salama, na wazee waendelee na posa iliyobaki.

Alikaa akarekebisha tai. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nikaanza kutafuta ufunguo wa Ruksa mfukoni.

Mzee Maige ndiye ambaye hakutikisa kichwa. Akageukia mlango ulioegeshwa, akamwambia dada yake kwamba amesikia maneno ya karani. Sasa na achague mwenyewe. Kama huyu kijana ni mkwe, basi jana ni ajali ya wakwe. Wakubwa wameziona ajali kama hizo kabla yetu, mkwe analeta mbuzi wa kuosha aibu, tunachinja, yamekwisha. Lakini kama ni mtu baki, kama anavyosema karani, basi dada yake, mjane, mama wa kanisa, amemkumbatia mwanamume mtu baki barabarani kuanzia mteremkoni mpaka kwenye pantoni, na kwaya inaangalia. Hiyo yeye Maige hajui inaoshwa na mnyama gani.

Jogoo wa mtu aliwika.

Kisha sauti ya Mayu ikatoka, ndogo lakini imenyooka. Akasema mtu hamwonei aibu mpita njia. Ameona aibu tangu jana, hata chai haipiti. Kwa hiyo ni mkwe. Na mbuzi awe jike, tena mwenye mimba.

Nililia mbele za watu. Sijali. Akina mama walipiga vigelegele mpaka ng'ombe wakakimbia. Projest alisimama, akanipa mkono, akasema hongera ndugu, ilhali mkono wake ulikuwa wa baridi. Rebeka aliitwa aulizwe rasmi kama anamtaka Mihayo. Alijibu ndiyo kabla Mzee Maige hajamaliza jina langu.

Baadaye tulisimama wawili pale ziwani wanapofulia. Nikamwambia pole kwa machozi ya jana kwenye pantoni. Akasema yale hayakuwa machozi ya kilio. Akacheka mpaka akashika mti. Aliniuliza kama nimewahi kujiuliza kwa nini mama alivaa nailoni. Nikasema nailoni ni nguo ya heshima. Akaniangalia muda mrefu, kwa upendo mwingi, akasema haya basi.


Jumatatu, 17 Julai

Nimerudi Butimba. Nimekaa nikatafakari mambo yote haya kwa kina, kwa sababu mtu asipojifunza anabaki alivyo.

Nimegundua hivi: ni springi. Bila kukaza springi mpaka ngazi ya tano, Mayu asingefika Kigongo, na asingefika Kigongo nisingekuwa mkwe. Kapu ndilo lililokuwa na kasoro. Kapu lilikuwa jepesi.

Nimemweleza Chenge. Akasema kiti bado kinamwaga watu mbele. Nimemwambia arudi kwenye redio zake.

Sasa kazi kubwa. Mbuzi ameshapatikana, Mzee Maige ataletewa na mtu wa mkokoteni. Lakini kuna dada mkubwa wa Mayu, Mama Dorotea, yuko Misungwi, na ukoo umesema bila yeye harusi haifungwi. Naye kwa taratibu zetu ni mama mkwe kamili. Jana kivukoni nilikuta salamu zake kwamba miguu haimbebi, labda atumiwe ile pikapu ya karani. Nimemtumia jibu asithubutu. Namfuata mwenyewe Jumamosi na Ruksa.

Ni mzito kuliko Mayu, tena sana. Kwa hiyo leo nimechonga vipande viwili vya mti mgumu nivipachike chini ya pete. Ruksa itakuwa pikipiki ya kwanza Mwanza yenye ngazi ya sita. Jioni mjumbe amerudi. Mama Dorotea amekubali, ila ameuliza kama kwenye pikipiki kuna mahali pa kushika. Nimemwambia hatapahitaji.